Kangomba na Stakabadhi: Gharama ya Kutoamini Katika Uwanda wa Makonde

Ubezaji, kwa maana inayokusudiwa katika sura hii, ni mazoea ya kuhukumu kabla ya kuona: mtu huamua mapema kwamba kila ahadi ni ya uongo, kwamba kila anayejitokeza kusaidia ana lake jambo, na kwamba anayeamini ni mjinga ambaye bado hajafunguka macho. Lazima utenganishwe na mashaka ya kawaida, kwa sababu mwenye mashaka huuliza, hupima, na akionyeshwa ushahidi wa kutosha huwa tayari kubadili msimamo, ilhali mbezaji amekwisha kujijibu, na hata jambo linapokwenda vizuri yeye huliona kuwa mtego uliotegwa kwa ustadi zaidi. Matumaini nayo yana maana finyu kuliko ile inayosikika majukwaani. Mwanasaikolojia C. R. Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, ambaye nadharia yake ilienea katika miaka ya 1990, aliyachambua kuwa na sehemu tatu: lengo linalojulikana, njia ambazo mtu anaziona za kulifikia, na msukumo wa ndani wa kuzifuata njia hizo hata moja ikizibwa. Kwa uchambuzi huo, mtu mchangamfu asiye na njia yoyote hana matumaini, na mtu aliyenuna lakini anajua kesho asubuhi aanzie wapi anayo.

Dhana ya tatu ni ile ya kujiweka rehani, yaani kukubali kwa hiari kukaa mahali ambapo mwingine akitaka anaweza kukuumiza. Mwaka 1995 wataalamu watatu wa elimu ya uendeshaji wa taasisi, Mayer, Davis na Schoorman, walieleza kwamba huko ndiko kuaminiana kwenyewe, kwamba imani kwa mtu haipimwi kwa maneno mema yanayosemwa juu yake, inapimwa kwa kiasi ambacho anayeamini amejiachia mikononi mwake bila uwezo wa kumchunga au kumdhibiti kila hatua. Hitimisho linalotoka hapo halipendezi, lakini ni vigumu kulikwepa: hakuna namna ya kuamini na wakati huohuo kubaki salama kabisa, na anayesubiri usalama kamili kwanza ndipo aamini, hataamini kamwe.

Dhana hizi zinaweza kujadiliwa popote, lakini ni vigumu kupata mahali ambapo hupimwa kila mwaka kwa mizani, tena mizani ya chuma yenye karani pembeni, kama katika wilaya za Masasi na Newala mkoani Mtwara. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla kuelekea bonde la mto Ruvuma, kwenye mteremko ambao wenyeji wanauita Shimo la Mungu; Masasi iko chini, upande wa magharibi, katikati ya milima ya mawe matupu inayoonekana toka mbali. Huko juu udongo ni wa kichanga na maji yamekuwa taabu tangu zamani, na kote kuwili zao linaloleta fedha ni korosho. Zao hili lina sifa moja inayoligusa moja kwa moja suala la kuaminiana. Mwenye muhogo akikosa soko atakula muhogo wake, lakini mwenye magunia ishirini ya korosho ghafi, ambazo ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi na ambazo viwanda vya kubangua vilivyo vingi viko India na Vietnam, hana la kufanya nazo isipokuwa kumkabidhi mtu mwingine na kungoja.

Historia ya kungoja huko ni ndefu, na haitakuwa haki kuwalaumu watu wa Masasi na Newala kwa ubezaji bila kuipitia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kutoka Unguja kundi la watu waliokombolewa utumwani, na wakajenga makao yao Masasi kwa kuahidiwa maisha mapya. Miaka sita baadaye makao hayo yalivamiwa na kuporwa na wapiganaji wa Kingoni waliojulikana kama Magwangwara, na baadhi ya waliokuwa wamekombolewa wakatekwa kwa mara ya pili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, na Nachingwea, jirani ya Masasi, ikawa mojawapo ya vituo vyake. Bandari ya Mtwara ilijengwa, reli ikatandikwa kuelekea bara, matrekta yakaletwa, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mataruma yake yakang'olewa, jambo ambalo pengine lilifundisha zaidi kuliko kushindwa kwa karanga zenyewe, kwa kuwa mradi ulioshindwa huweza kusamehewa, lakini reli inayong'olewa huonekana na kila mtu.

Kisha ikaja zamu ya korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 na kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Katika miaka hiyohiyo Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya pamoja, na wengi wakajikuta mikorosho yao iko umbali wa saa kadhaa kwa miguu, haipaliliwi wala haiokotwi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na ununuzi ukakabidhiwa mamlaka ya serikali. Sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ikapungua. Na mwaka 1979 ukatambuliwa ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua na korosho changa, ambao hupenda ubaridi na unyevu wa sehemu za juu kama Newala. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima yalikuwa yameshuka hadi tani 17,000 hivi. Mkulima aliyeanza kazi akiwa kijana wakati wa neema aliona kazi ya maisha yake ikipotea kwa sababu ambazo karibu zote zilitoka nje ya shamba lake. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kwa kipimo hicho kushtuka kwa watu wa Kusini ni akili ya kawaida kabisa.

Tatizo la ubezaji linaanzia pale ambapo kushtuka kunageuka kuwa njia pekee ya kuhesabu. Mbezaji huorodhesha ahadi zilizovunjwa na kuziacha zilizotimia, ingawa nazo zipo: kwa miongo mingi barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika kila masika kwenye mto Rufiji, magari yakisubiri kivuko kwa siku nyingi, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Benjamin Mkapa, rais aliyezaliwa Lupaso, Masasi, na mwaka 2010 likafunguliwa Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, pale Mtambaswala, jambo ambalo Tanzania na Msumbiji walilizungumza kwa zaidi ya miaka thelathini huku watu wakicheka. Daraja likishakuwepo hugeuka kuwa jambo la kawaida, na aliyelibeza haulizwi tena alisema nini. Ahadi iliyovunjika, kwa upande mwingine, husimuliwa kwa watoto.

Gharama ya hesabu hii ya upande mmoja inaonekana wazi zaidi katika kangomba. Neno hili hutumika kwa ununuzi wa korosho nje ya utaratibu rasmi, kwa chombo cha kupimia ambacho kwa kawaida hubeba zaidi ya kilo moja lakini hulipwa kama kilo, na pia kwa mkopo unaotolewa kabla ya mavuno ili ulipwe kwa korosho msimu ukifika. Kagera wana biashara kama hiyo katika kahawa na huiita butura. Mnunuzi hafiki Oktoba wakati magunia yamejaa. Hufika Januari au Februari, fedha za msimu zikiwa zimekwisha, mahindi bado mabichi shambani, ada na sare za shule zikidaiwa, na huketi barazani kwa adabu, huulizia hali ya wagonjwa, hucheza na watoto, ndipo ataje bei. Ikichukuliwa kwa mfano tu kwamba anatoa shilingi 1,000 kwa kilo ambayo miezi minane baadaye itauzwa kwa shilingi 3,000, basi mkulima amelipa riba ambayo hakuna benki ingethubutu kuibandika ukutani, na bado chombo cha kupimia hakijahesabiwa.

Maelezo ya kawaida ya kangomba ni umaskini, na ni maelezo ya kweli, kwa kuwa mwenye njaa hangojei mnada. Hata hivyo umaskini hauelezi kwa nini pia watu wenye akiba kidogo huuza hivyo, wala kwa nini sauti inayosikika wakati wa kuuza ni ileile: chukua hiki kilichopo, huko mbele wataiba tu. Hapo mkulima anauza vitu viwili kwa pamoja, korosho zake na matarajio yake, na cha pili ndicho kinachompa mnunuzi faida kubwa. Tofauti kati ya bei ya kangomba ya Februari na bei ya mnada ya Oktoba, ukiondoa gharama ya haki ya kukaa na fedha ya mtu kwa miezi hiyo, ni kipimo kizuri sana cha kiasi ambacho watu hawaamini, na ajabu ni kwamba anayekiweka mfukoni ni mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe anaamini kabisa kwamba Oktoba itafika na bei itakuwepo. Biashara yote ya kangomba imesimama juu ya mtu mwenye matumaini anayenunua kutoka kwa waliokata tamaa.

Kinacholinda ubezaji usihojiwe ni sifa yake ya werevu. Kijiweni, anayesema mambo yataharibika husikilizwa kama mtu aliyeona mengi, na anayesema yanaweza kufaulu huonekana ametumwa. Olga Stavrova na Daniel Ehlebracht, watafiti wa saikolojia ya jamii, walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018: watu walioulizwa walidhani kwamba mbezaji ana akili zaidi ya mwenzake anayeamini, lakini takwimu kutoka nchi zipatazo thelathini zilionyesha kinyume, kwamba wabezaji kwa ujumla walipata alama za chini katika majaribio ya uwezo wa kufikiri. Matokeo hayo hayapaswi kutumiwa kumtukana mtu. Huenda maisha yaliyomnyima mtu elimu ndiyo pia yaliyomfundisha kutoamini. Yanatosha kuondoa kisingizio kimoja, kile cha kwamba kubeza ni dalili ya kuelewa.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowezeshwa na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kutumika katika korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, uliletwa kama jibu kwa kangomba, na maelezo yake ya kiutendaji yanafaa kufuatwa kwa makini kwa sababu kila hatua ni ya kujiweka rehani. Mkulima hukausha korosho juani, huzichambua, huzifikisha kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, maarufu kama AMCOS, ambako hupimwa na karani na yeye kuondoka na karatasi. Kuanzia dakika hiyo mali haiko mikononi mwake na fedha haijafika. Chama husafirisha mzigo hadi ghala kuu. Chama kikuu cha ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba, huitisha mnada. Wanunuzi huleta bei zao. Na bei hizo hutangazwa hadharani mbele ya wakulima, ambao wana haki ya kuzikubali au kuzikataa. Baada ya hapo hufuata siku za kusubiri mnunuzi alipe, kisha makato ya ushuru, usafiri, magunia na ghala, ndipo kinachobaki kiingie katika akaunti. Mtu mmoja mwenye magunia matatu amewaamini hapo karani, dereva, mlinzi wa ghala, viongozi wa vyama viwili, mnunuzi asiyemfahamu na benki, na nyuma yao wote serikali.

Imani hiyo ilivunjwa, tena si mara moja. Katika miaka ya mwanzo malipo yalitolewa kwa awamu, ya kwanza pale korosho zinapopokelewa na ya pili baada ya kuuzwa, na awamu ya pili mara kadhaa ilichelewa au ilifika pungufu. Aprili 2013 kule Liwale, mkoani Lindi, malipo pungufu yalizua vurugu na nyumba za viongozi zikachomwa moto. Masasi nayo ilikuwa imeona moto Januari ya mwaka huohuo, kwa hasira zilizochanganyika na mambo mengine, likiwemo suala la gesi ya Mtwara kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Ubezaji haupaswi kuchanganywa na hasira hizo. Anayechoma ofisi ya chama, pamoja na uovu wa kitendo chenyewe, bado anadai kitu ambacho aliamini ni haki yake. Mbezaji hawezi kukasirika kiasi hicho, kwa kuwa hakutarajia chochote.

Mwaka 2018 una mafunzo zaidi. Msimu uliotangulia ulikuwa wa neema, tani zaidi ya 300,000 na bei iliyogusa shilingi 4,000, lakini minada ya Oktoba 2018 ilipofunguliwa bei zilizoletwa zilikuwa kati ya shilingi 1,900 na 2,700 hivi, na wakulima waliokusanyika walizikataa. Kitendo hiki huelezwa kama mgomo, na kwa sura ya nje ndivyo kilivyokuwa, lakini kwa uchambuzi wa Snyder kina sehemu zote tatu za matumaini: bei waliyoijua kuwa inawezekana, njia halali ya kuifuata, na uthabiti wa kukaa na njaa wiki kadhaa zaidi kwa ajili yake. Mbezaji angeuza. Novemba 12 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 na jeshi litazisomba, na malori ya Jeshi la Wananchi yakapelekwa Kusini. Yaliyofuata yalipoza shangwe: uhakiki wa kujua nani ana shamba na nani amenunua kwa kangomba ulichukua muda mrefu, waliokuwa na mizigo mikubwa wakatakiwa kuonyesha mikorosho yao, malipo yakachelewa kwa miezi, na mkataba uliotiwa saini Januari 2019 na kampuni moja ya Kenya kununua tani 100,000 haukutekelezwa.

Hapo ndipo mahubiri ya kawaida juu ya matumaini yanapokwama. Ni rahisi kumwambia mkulima aache kubeza, ajifungue moyo, aamini tena. Wanaosema hivyo kwa kawaida hulipwa mshahara mwisho wa mwezi. Ukweli unaojitokeza katika miaka hii ni kwamba kujiweka rehani kulikuwa kwa upande mmoja. Mkulima alitanguliza magunia, na kila aliyefuata katika mnyororo alipata nafasi ya kuchelewa bila kuumia, kwa kuwa karani aliyekosea mizani hakukatwa, mnunuzi aliyesuasua alipata siku za ziada, na kiongozi aliyetangaza tarehe ya malipo aliweza kutangaza nyingine. Ubezaji ulioota katika hali hiyo hauponywi kwa semina. Unapungua pale ambapo anayeomba kuaminiwa naye anaweka kitu chake mezani, mnunuzi akitanguliza dhamana kabla ya kuruhusiwa kutaja bei, chama kikisoma makato shilingi kwa shilingi mbele ya mkutano, kiongozi akikubali kuulizwa na watu anaowajua kwa majina ya babu zao.

Baadhi ya hayo yametokea, kwa mwendo wa polepole usiovutia magazeti. Malipo ya awamu yaliachwa na mkulima hulipwa mara moja, kupitia benki. Kuanzia msimu wa 2024/25 minada ya korosho huendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambamo bei za wanunuzi huonekana kwenye skrini wakulima wakiangalia, na minada ya kwanza ya msimu huo ilileta bei iliyozidi shilingi 4,000 kwa kilo. Mavuno ya nchi yalitajwa kupita tani 500,000. Bei hushuka jinsi msimu unavyosonga, makato yanalalamikiwa, malipo bado huchelewa, na kangomba haijafa, ingawa anayefika barazani Februari sasa analazimika kushindana na kumbukumbu ya Oktoba iliyopita, na hawezi tena kutaja bei yoyote inayomjia kinywani.

Kwa upande wa mkulima, kazi ya matumaini hufanyika mapema zaidi, wakati ambapo hakuna skrini wala mnada. Kati ya Juni na Agosti, mikorosho inapotoa maua, mtu huamka saa kumi alfajiri, majani yakiwa bado na umande na upepo haujaanza, kwa kuwa unga wa salfa, dawa iliyorudisha uzalishaji baada ya utafiti wa kituo cha Naliendele dhidi ya ubwiriunga, hunata vizuri kwenye majani yenye unyevu. Hujifunga mashine mgongoni, huwasha injini, na hutembea mti hadi mti akilirusha vumbi la njano juu kwenye matawi, jingine likimrudia machoni na puani, harufu ya kiberiti ikibaki kwenye nguo kwa siku kadhaa. Kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa kabla maua hayajafunga. Siku anapoifanya hajui bei, hajui kama mvua ya nje ya msimu itaharibu maua, hajui nani atakuja kununua. Anachojua ni kwamba mti usiopuliziwa sasa hautakuwa na cha kupimwa, na kwamba jirani aliyebeza salfa mwaka jana amekuja jana jioni kuazima mashine.